Kijiji Kilichopandisha Bwawa Mlimani

Vijana wangu mnaoanza kazi ya ugani, kaeni nami kidogo kabla hamjakabidhiwa pikipiki. Mimi nimestaafu. Niko kwangu Kalenga, nalima vitunguu karibu na mto, na siku hizi mimi ndiye mkulima msumbufu ambaye afisa ugani wa kata akimwona kwa mbali anakumbuka ana kikao mahali pengine. Simlaumu. Nimekula mshahara wa serikali kwa kuwaambia watu wa nyanda za juu walime matuta ya kukinga mteremko, na wengi wao waliniitikia vizuri kabisa, wakanikaribisha chai na viazi vya kuchemsha, wakanisindikiza hadi barabarani, kisha wakarudi kulima matuta ya kushuka na mteremko kama walivyolima babu zao.

Nianze na jina, maana na ninyi mtapewa majina. Nilipopelekwa Uporoto, juu kule kwenye ukungu ukiwa unatoka Mbeya kwenda Tukuyu, wenyeji waliniita Bwana Shamba. Nikawaeleza kwa upole kwamba mimi ni mwanamke. Wakasema wanaona, hawana tatizo na hilo, ila Bwana Shamba ni cheo na cheo hakibadilishwi kwa sababu ya mtu mmoja. Tabu ikawa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima na sharubu zake. Kama mimi ni Bwana Shamba, yeye ni nani? Walilijadili, wakamwita Mama Shamba. Hadi leo simu ikitoka kule wananiuliza kama Mama Shamba hajambo, na yeye akiwa amekaa pale pembeni anajibu mwenyewe kwamba hajambo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kalinga, Mhehe mwenzangu, nilimkuta Madibira kwenye mashamba ya mpunga. Huyu mzee alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliiona ni ugonjwa. Mvua ikianza, watu wote wanakimbilia bandani, yeye anavaa buti na kutoka. Alisema jua linakuonyesha shamba lilivyovaa, lakini mvua inalivua nguo. Siku moja alinitoa bandani nikiwa na kikombe cha chai mkononi, akanisimamisha kwenye mfereji unaotoa maji mashambani. Juu, wakulima walikuwa wametoka kurusha mbolea ya kukuzia. Chini, mfereji ulikuwa umefunikwa na magugu mazito kiasi kwamba bata walikuwa wanavuka kwa miguu bila kulowa. Akaniuliza magugu yale ameyapanda nani. Nikasema hakuna aliyeyapanda. Akasema sawa, na nani ameyawekea mbolea? Nikatazama mashamba, nikatazama bata, chai yangu ikajaa maji ya mvua. Akasema, "Wote. Kila mtu ameweka kidogo, na hakuna hata mmoja atakayekuja kuvuna."

Nikayabeba hayo hadi Uporoto, na huko ndiko nilikoona kijiji kizima kikipandisha bwawa mlimani kwa ndoo. Kijiji chenyewe sitakitaja jina. Watu wake wapo, wana simu, na ni wepesi wa kupiga.

Kulikuwa na Mzee Mwazembe. Alilima viazi mviringo kwenye mteremko mrefu ulioanzia kwenye miti ya mikaratusi juu ukashuka hadi bondeni. Alikuwa mchapakazi, jembe lake lilikuwa limeisha likabaki kama kijiko. Matuta yake yalinyooka kutoka juu hadi chini, ukisimama barabarani unayaona kama nywele zilizochanwa. Alijivunia unyoofu huo. Watu wa malori ya viazi walikuwa wanapiga picha.

Chini yake, bondeni, aliishi mjane wa mdogo wake, Mama Anyisile. Baba yao alipogawa ardhi, mkubwa alichagua mteremko wenye jua, mdogo akaachiwa kinamasi ambacho hata ng'ombe walikuwa wanakipita pembeni. Mdogo mtu akachimba bwawa la samaki, akainua vitalu vya kabichi pembeni yake, kisha akafariki akamwachia mkewe vyura. Hivyo ndivyo watu walivyosema msibani: amemwachia vyura.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwazembe aliweka mbolea ya kupandia, akaweka ya kukuzia, akairusha juu ya tuta kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, kwa sababu kufukia ni kazi. Viazi vikatoka vidogo. Mwaka uliofuata akaongeza mbolea, viazi vikazidi kuwa vidogo. Akaongeza tena. Ilifika mahali gunia lake la lumbesa, lile linalojazwa hadi linaota kichwa, lilikuwa limejaa viazi ambavyo wanunuzi waliuliza kama ni vya kucheza bao. Na huko bondeni, kwa mjane aliyeachiwa vyura, kabichi zilikuwa zinatoka kubwa mpaka zinatisha. Nilimwona kwa macho yangu akibeba moja mgongoni kwa khanga, kama mtoto, kwa sababu kichwani ilikuwa inamshinda shingo. Mama mmoja alimpisha njiani akamuuliza mtoto anaumwa nini.

Mnajua nchi yetu. Kitu kikipungua huku na kikiongezeka kule, kuna neno linangoja: chuma ulete. Uchawi wa kuvuta mali ya mwenzako ije kwako wewe umekaa. Kwanza lilisemwa kisimani, halafu kilabuni, halafu kanisani kwa njia ya maombi. Mwazembe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefanya kazi kuliko wote akapata kidogo kuliko wote, na hali hiyo inamtafuna mtu mpaka aamini lolote.

Akaleta mganga kutoka Mbozi. Mzee Simbeye alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye usinga wa mkia wa ng'ombe na buti nzuri kuliko zangu. Alifika siku ya mvua. Wenzake wa kazi hiyo wangekaa ndani wapige ramli, lakini yeye alitoka kwenye mvua, akasimama juu ya shamba, akatazama. Akafuata maji yanayoshuka katikati ya matuta, polepole, hatua kwa hatua, mpaka bondeni, mpaka ukingo wa bwawa la Mama Anyisile. Akachovya kidole, akanusa, akarudi kwa Mwazembe na jibu. Mbolea yako inaondoka mvua ikinyesha. Inapita njia ya maji. Inaingia kwa mke wa mdogo wako.

Niliposimuliwa, nilikaa chini. Mimi nilikuwa nimesema maneno hayo hayo kwenye kijiji hicho tangu nifike. Mganga ameyasema mara moja, na kijiji kizima kimemwelewa. Tofauti ilikuwa ndogo tu: mimi nilitaka wageuze matuta, wao walitaka wamfukuze mjane.

Wiki hiyo hiyo samaki wa Mama Anyisile walikufa. Bwawa lake lilikuwa limegeuka kijani muda mrefu, kijani kizito kama mlenda, na asubuhi moja akawakuta samaki wako juu ya maji, midomo wazi. Maji ya bwawa lile yalitoka kwa mfereji kwenda kijito, na kijito kilipita shuleni kwa mume wangu, ambako wapishi walikuwa wameanza kupika uji wenye rangi ambayo watoto waliikataa. Mwalimu mkuu alijaribu kuwaambia ni uji wa mboga za majani. Mume wangu alikuja nyumbani akanieleza kwamba siku hiyo ndiyo aliyoona watoto wote wa darasa la kwanza wakikubaliana jambo.

Mama Anyisile naye akaenda ofisi ya kijiji kushtaki. Akasema shemeji yake amemwagia sumu bwawani. Kwa hiyo ikaitwa siku moja, kesi mbili, watu wale wale.

Mwenyekiti wetu wa kijiji aliwahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Yale ambayo mahakama ilikuwa imemkatalia, alikuwa anayafanya kijijini. Alikuwa na meza, alikuwa na kengele ya shule aliyoiazima, na alimwita kila mtu shahidi, hata aliyekuwa amekuja kuulizia mbuzi wake. Uwanja ulijaa. Mwazembe alieleza viazi vyake. Mganga alieleza njia ya maji. Mama Anyisile alisimama na khanga yake nyeusi, akasema yeye hajui kuvuta kitu, angejua angeanza kumvuta marehemu mume wake. Baadhi ya watu walitazama chini. Wengine hawakutazama chini.

Kisha nikaitwa mimi.

"Bwana Shamba," mwenyekiti akasema, "wewe ni mtaalamu wa serikali. Jibu ndiyo au hapana. Mbolea ya Mzee Mwazembe ipo kwa Mama Anyisile, au haipo?"

Nikasema jibu lake lina maelezo. Akasema maelezo yana muda wake na muda wake haujafika. Nikasema ipo, lakini. Akagonga kengele. Uwanja mzima ulitoa sauti moja, mshindo wa watu waliothibitishiwa. Serikali na mganga wamesema kitu kimoja. Nadhani hilo halikuwahi kutokea mkoa mzima. Nilijaribu kuendelea kusema, nikasema maji, nikasema mteremko, nikasema matuta, lakini watu walikuwa wamegeukiana wanaongea, na vijana fulani nyuma walikuwa wameanza kumtazama Mama Anyisile kwa jicho baya. Mnajua vizuri mambo haya yanavyoweza kuishia. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Mzee Simbeye mganga, na hili nalisema kwa haki yake, alikuja akasimama upande wake wa pili.

Hukumu ikasomwa. Mama Anyisile airudishe mbolea ya shemeji yake yote. Asipoirudisha, ahame kijiji kabla ya msimu wa kupanda.

Nilifikiri atalia. Badala yake aliuliza swali, kwa adabu, akiwa amekunja mikono.

"Nikiirudisha yote, kesi imekwisha?"

"Imekwisha," mwenyekiti akasema.

"Basi iko kwenye bwawa. Kesho njooni na ndoo."

Kesho yake walikuja. Sijui kama mnaweza kuipata picha hiyo, mimi mwenyewe huwa naisimulia na kujisikia muongo. Walikuja akina mama na ndoo vichwani, vijana na madumu, mzee mmoja na birika. Waendesha bodaboda walifunga madumu mawili mawili nyuma ya viti. Kwaya ya kanisa ilikuja kwa sababu palipo na watu wengi huwa inaalikwa, na kwa kuwa haikualikwa ilijialika, ikaimba pambio za kupandia mlima. Mfanyabiashara wa kabichi kutoka mjini, mtu mwenye asili ya pwani, alikuwa amekuja na kanzu yake nyeupe kununua mzigo. Akauliza kuna nini. Akaambiwa wanarudisha mbolea. Akatazama ile foleni ya watu na maji ya kijani, akaona si adabu kuuliza zaidi, akavua viatu, akakunja kanzu, akachukua ndoo.

Mwazembe alikuwa juu kabisa, chini ya mikaratusi, akielekeza. Alisema mbolea imwagwe pale pale alipoirusha, kuanzia juu. Mwenyekiti alisimama katikati ya mlima na kengele, akihakikisha utaratibu. Mganga alikuwa chini bwawani akijaza ndoo kwa sufuria, mikono yote ya kijani. Mimi niliona hakuna maneno niliyobakiza, nikabeba ndoo kama wengine. Mama Shamba alibeba pia, akiwa na tai.

Wakaanza kumwaga. Maji yakaingia katikati ya matuta yale mazuri, yaliyonyooka kama nywele zilizochanwa, na yakafanya ambacho maji hufanya. Yakashuka.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Watu walikuwa wanapanda na mzigo, wanahema, wanaimba. Kisha mama mmoja aliyekuwa katikati ya mlima akasimama, akatazama miguuni. Maji ya kijani yalikuwa yanampita yakielekea chini. Akasogea yapite, akamwambia aliye nyuma yake asogee pia, na kwa muda hivyo ndivyo ilivyokuwa: watu wanapanda upande huu, maji wanayoyapandisha yanashuka upande ule, na watu wanayapisha kama unavyompisha mzee njiani. Kijana mmoja wa bodaboda alishuka kuchukua mzigo mwingine akakuta maji aliyoyamwaga yamemtangulia kufika. Alizima pikipiki. Kutoka bwawani mganga alipaza sauti kwamba mbona bwawa halipungui.

Kwaya ikanyamaza katikati ya pambio.

Mwazembe alikuwa ameanza kuyafuata. Alitembea pembeni ya maji, kisha akatembea haraka, mwisho mzee yule alikuwa anakimbia na buti zake kushuka shamba lake mwenyewe, akifukuzana na maji yake. Yalimshinda. Alipofika ukingoni mwa bwawa yalikuwa yanaingia, na safari hii yalikuwa yameongezeka rangi, kijani na wekundu, kwa sababu yalikuwa yamekomba udongo njiani. Alisimama pale. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama na ndoo mikononi, juu, katikati na chini.

"Inarudi," Mwazembe akasema.

"Huwa inarudi, shemeji," Mama Anyisile akasema. "Mimi sijawahi kuiita."

Mwenyekiti alifika akiwa anahema. Alitazama bwawa, akatazama mlima, akatafuta kifungu cha sheria kichwani mwake. Mwishowe akatangaza kwamba maji yamekata rufaa na kikao kimeahirishwa. Hakuna aliyecheka wakati ule. Baadaye walicheka mpaka harusini.

Hapo ndipo nilipopata muda wangu wa maelezo, vijana, na nikajua kwa nini Mzee Kalinga alikuwa ananitoa bandani. Sikuhitaji maneno mengi. Nilimwonyesha Mwazembe kwamba tuta lake ni mfereji, na mbolea aliyoirusha juu juu haikupata hata muda wa kumsalimia kiazi. Nikaeleza samaki. Mbolea haichagui wa kumlisha: ikikosa kiazi inalisha kabichi, ikifika bwawani inalisha ule utando wa kijani. Utando unanenepa, unafunika maji, unakufa, unaoza, na katika kuoza unamaliza hewa iliyo ndani ya maji. Samaki hawakunyweshwa sumu. Walikosa pumzi.

Mwazembe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo samaki niliwaua mimi."

Nikamwambia hakukuwa na sumu, na hakukusudia. Akasema hakuuliza hivyo. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kila mwaka viazi vilipopungua alikuwa anaongeza, na kila alipoongeza alikuwa anamwona mke wa mdogo wake anastawi, na alikuwa amefika mahali pa kumchukia mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemposea mdogo wake. Mama Anyisile alikuwa anakamua khanga iliyolowa. Hakusema amemsamehe. Alimwambia aondoke kwenye ndoo, ni ya jirani na inavunjika.

Kugeuza matuta yale ilikuwa kazi ya msimu mzima. Tulitumia kipimo cha fito, mtakipata hata leo hakijapitwa na simu zenu: fito mbili zimefungwa juu zikapanuka chini kama miguu ya mtu, nyingine imekatiza katikati, kamba inaning'inia kutoka juu ikiwa na jiwe. Unakisimamisha shambani, kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, ujue miguu yote miwili iko usawa mmoja, hapo ndipo tuta litapita. Nilipokisimamisha mara ya kwanza, watu walirudi nyuma. Fito, kamba, jiwe linalotikisika lenyewe kisha linatoa jibu: kwao hiyo ilikuwa ramli. Yule aliyekuwa amekuja kuulizia mbuzi wake akaomba kipimo kiulizwe. Nikamweleza kwamba kinajua mteremko tu. Akasema mbuzi alipotelea mteremkoni.

Mzee Simbeye ndiye aliyekishika vizuri kuliko wote. Mkono wake ulikuwa umetulia, miaka ya ramli, na macho yake yalisoma jiwe kabla halijatulia. Hakurudi Mbozi hadi shamba likaisha. Alipima, mimi nikatia vigingi, Mwazembe akalima. Mkinisikia ninasema mtu wa kwanza kupima makinga maji katika kijiji kile alikuwa mganga wa kienyeji, msidhani ni uzee. Tukapanda majani ya tembo kwenye kingo ili yashike udongo na ng'ombe wapate chakula. Mbolea tukaifukia kwenye mashimo, kidogo kidogo, na kama wingu limekaa vibaya tunangoja. Ninyi mna ujumbe wa hali ya hewa kwenye simu, mnaona mvua kabla haijafika. Tumieni. Mkulima anayerusha mbolea saa moja kabla ya mvua anayalisha magugu ya Madibira.

Na mwacheni mkulima alalamike. Mwazembe alilalamika kila siku. Alisema matuta ya kukinga yanamtia aibu, yamejipinda kama nyoka aliyeshiba, watu wa malori hawapigi tena picha. Alisema mgongo. Alisema babu yake. Lakini mvua ya kwanza kubwa ilipokuja nilimkuta amesimama chini kabisa ya shamba lake na mwavuli, peke yake, akingoja maji yatoke. Nikasimama naye. Tulingoja sana. Maji yalikuwa yamekaa juu kule nyuma ya kila tuta, yanazama polepole. Kilichotufikia kilikuwa kidogo, na kilikuwa cheupe. Akainama akakitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala, akaniambia nisiongee.

Viazi vya mwaka ule watu hawakuviita vya bao.

Mnadhani hapo hadithi imekwisha na mimi nikapewa kuku. Kuku nilipewa. Lakini msimu uliofuata Mama Anyisile aliingia ofisi ya kijiji kufungua kesi. Bwawa lake lilikuwa limetakata, unaona hadi chini, ameweka vifaranga wapya wa samaki, na shuleni uji umerudi rangi yake. Hayo yote alikubali. Shitaka lake lilikuwa kabichi. Kabichi zake zilikuwa zimekuwa za kawaida, za kubebwa kichwani kama za watu wengine, na yule mfanyabiashara wa mjini alikuwa amezishika moja moja kwa huzuni. Alidai kwamba shemeji yake amezuia mbolea kule juu kwa makusudi, kwamba kwa miaka yote ilikuwa inashuka kwake na sasa haishuki, na kwamba kama kuvuta kitu cha mwenzako ni kosa, basi na kukizuia kisimfikie kichunguzwe.

Mwenyekiti alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alitoa kengele. Aliniita niende nikajibu ndiyo au hapana. Mimi nilimwambia safari hii nitakuja na maelezo kwanza, na kama hayatakiwi nitamtuma Mama Shamba.

Kesi haikusikilizwa. Mwazembe alipata habari, na kabla ya siku ya kikao alishuka bondeni, akiwa na kiroba cha mbolea begani. Mimi nilikuwa kwa Mama Anyisile nikimwonyesha namna ya kuchanganya samadi kwenye vitalu, ili asitegemee cha kushuka. Tulimwona kutoka mbali. Njia ya matuta mapya haikunyooka, kwa hiyo alikuwa anakuja kwa kuzunguka, huku na huku, mzee na mzigo wake, na ilimchukua muda mrefu kufika. Alipofika alisimama ukingoni mwa bwawa akiwa amelowa jasho.

"Shemeji," akasema, "maji yamegoma. Nimeileta mwenyewe."

Akainama ili akitue. Mama Anyisile alimtazama, akatazama bwawa, samaki wake wadogo wakipita kwenye maji safi.

"Usiitue hapo," akasema. "Hapo ni karibu na maji."

Mwazembe akakiinua tena begani, akapanda nacho mpaka nyuma ya nyumba, na Mama Anyisile akamfuata akiwa amebeba kigoda cha kumkalisha.